Ulimwona Nani?

Neno la Kiswahili tunalo, tena zuri: jinamizi. Lakini fungua gazeti lolote leo, utalikuta limepewa kazi nyingine. Jinamizi la ufisadi. Jinamizi la ajali barabarani. Jinamizi la madeni. Limezungushwa hadi likaisha uzito, na uzito ndio ulikuwa maana yake. Ukilitamka polepole unasikia kitenzi inama ndani yake. Kuna kitu kimekuinamia. Si ndoto mbaya ya kawaida, ile ya kufukuzwa na ng'ombe au kuingia mtihani bila kalamu. Ni kile kinachonipata tangu nikiwa kidato cha pili: macho yamefunguka, chumba unakiona chote, mwili umekataa amri, na juu ya kifua kuna mtu.

Nimeandika mtu makusudi. Wengine husema kivuli, wengine jini, wengine paka mzito. Lakini kila ninapowauliza vizuri wanaopatwa na jambo hili, tunaishia hapo hapo: mtu.

Nimelelewa Rongo, Kaunti ya Migori, na likizo nyingi nilipelekwa kwa nyanya, mama yake mama, upande wa Homa Bay, si mbali na Kendu Bay. Hadithi za usiku nilizisikia kote kuwili. Siku hizi nazisoma, nazitazama na kuzisikiliza kama mhakiki, na pia kama mtu ambaye huenda usiku huohuo zikamrudia akiwa amelala chali. Kwa hivyo kipimo changu si kile cha wasee wa kuhesabu ilitisha kiasi gani. Hadithi ya jinamizi naipima kwa swali inaloniachia asubuhi.

Kwanza mwili, kwa ufupi, ndio tusipotezane. Tunapoota, ubongo huzima misuli tusije tukaitenda ndoto kitandani. Hubakiza macho na kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu unaotuwezesha kuvuta hewa. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijarudishiwa ruhusa. Unataka kuvuta pumzi kubwa, lakini misuli ya mbavu bado imelala, ndiyo maana unahisi kifua kimekaliwa. Ndoto nayo haijazima kabisa, kwa hivyo inaendelea kuchora juu ya chumba halisi. Hudumu sekunde kadhaa, au dakika chache. Watafiti wawili, Sharpless na Barber, walikusanya tafiti nyingi mwaka 2011 wakakuta karibu asilimia 8 ya watu wa kawaida wamewahi kupatwa angalau mara moja maishani, lakini kwa wanafunzi ni asilimia 28. Aliyewahi kukesha chuoni kwa ajili ya mitihani, akalala saa kumi alfajiri na kuamka saa moja, hatashangaa. Kukosa usingizi, kulala saa zisizo na mpangilio na kulala chali ndiyo mambo yanayolikaribisha sana.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku, tena usiku usio na mwezi, kwa taa, na mvuvi hulala mchana jua likichoma mabati. Kwake yeye jinamizi lilikuja saa saba mchana. Watu walipomwambia ni jajuok, yule mkimbiaji wa usiku ambaye kila kijiji chetu kina hadithi yake, aliwauliza: jajuok gani huyu anayekimbia saa saba mchana? Ni uhakiki bora kuliko mwingi niliosoma chuoni.

Tuje kwenye hizo hadithi sasa. Jajuok wa hadithi za Migori na Homa Bay ana ratiba inayojulikana. Anatoka uchi, anarusha mchanga kwenye mabati, anagonga mlango kwa makalio, anakimbia. Kuna kicheko kingi ndani ya hadithi hizi, na wanaozisimulia wanajua. Shida ni kwamba neno hilohilo, jajuok, linambeba pia mchawi anayeua. Mchekeshaji na muuaji wanaitwa jina moja, na msimulizi anaweza kuruka kutoka kwa mmoja hadi mwingine katikati ya sentensi. Mtu aliyeamka akitetemeka huingia katika hadithi hiyo kama shahidi. Ndipo swali linapokuja.

Ulimwona nani?

Mimi niliulizwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimerudi nyumbani Rongo kwa likizo ya Aprili, na usiku wa pili nilishikwa. Asubuhi jikoni palikuwa na watu watano na kila mmoja alikuwa na swali lake. Alikuwa mwanamke au mwanaume? Mfupi? Alivaa leso? Alitokea upande gani wa mlango? Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na nataka hilo lieleweke. Walikuwa wananionea huruma, na huruma yao ilikuwa inatafuta jina. Jirani yetu wa pili alikuwa mjane mzee asiyepata usingizi, na usiku alikuwa akitembeatembea uani kwake na tochi. Kila mtu jikoni mle alimjua. Nikiwa nimekaa na kikombe cha chai nilihisi maswali yakielekea kwake kama maji yanavyoelekea bondeni. Nilisema sikuona uso. Ilikuwa kweli, lakini niliona pia jinsi jibu hilo lilivyowavunja moyo.

Kama unadhani natia chumvi, Oktoba 2021, kule Marani, Kaunti ya Kisii, majirani zetu wa kupakana, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Sisemi chanzo kilikuwa jinamizi la mtu. Ninachosema ni kwamba uso unaochorwa na ubongo uliolala nusu ni uso wowote ule, na kijiji kinachouliza "nani" kitapewa mtu.

Hapo ndipo nina ugomvi na simulizi za kutisha tunazosikiliza kwenye simu. Mnazijua: sauti nzito, upepo wa kutengenezwa, mbwa anabweka kwa mbali, kisha "nilipofungua macho, nikamwona". Nimesikiliza nyingi mno, nyingine kwenye matatu ya Rongo kwenda Homa Bay, na mbinu yao ni ile ile. Zinajenga hadi kifua kikaliwe, kisha zinakata. Sehemu ya pili kesho. Sehemu ya pili ikija, ni kumtafuta mwenyewe: mke mwenza, shangazi, bibi wa jirani, na kila mara yule aliyetajwa huwa ndiye kweli. Sijawahi kusikia hata moja ambamo aliyetajwa hakuhusika. Kama ufundi wa hadithi, huo ni uvivu, kwa sababu msikilizaji hapewi nafasi ya kushuku ushahidi wa mtu ambaye nusu yake bado inaota. Halafu zinasikilizwa saa sita usiku, kwa earphones, na mtu aliye peke yake kwenye bedsitter. Hadithi inamfikisha mpaka kitandani na kumwacha hapo.

Msidhani ni ugonjwa wa Waafrika. Mchoro maarufu zaidi wa jambo hili duniani ulichorwa na Henry Fuseli, Mswisi aliyeishi London, mwaka 1781, na sasa uko Detroit. Mwanamke amelala chali kichwa kikining'inia, kijitu cha kutisha kimemkalia kifuani, farasi anachungulia kwenye pazia. Kulala chali alipatia kabisa. Lakini macho ya yule mwanamke yamefungwa! Kwangu hilo linaonyesha Fuseli alisimama wapi: pembeni, pamoja na mtazamaji, akimwangalia mwanamke mrembo akiteseka. Aliyewahi kukaliwa anajua kwamba hujioni. Unaona dari. Unaona ukingo wa neti na shati lililotundikwa mlangoni ambalo sasa lina mabega. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 2015, Mmarekani Rodney Ascher alitoa filamu ya hali halisi kuhusu kupooza usingizini, akawahoji watu wanane na kuigiza wanayoyaona. Yeye angalau aliiweka kamera ndani ya jicho la aliyelala. Chumba chao ni kama changu, na kile kivuli cha mlangoni nakijua. Ila filamu nzima haina daktari hata mmoja, na nilipoimaliza nilijiuliza kama mtu anaweza kuwahurumia watu wanane hivyo kisha akawaacha wote palepale kitandani.

Hadithi ninayoiheshimu zaidi, licha ya ubaya wake, ni ya Popobawa. Mwanzoni mwa 1995 huko Pemba, kisha Unguja, watu walianza kusema wanashambuliwa usiku na kitu kinachowalalia na kuwabana, na wengi walisema kinawanajisi, wanaume kwa wanawake. Jina lake ni popo na bawa. Watafiti walioandika juu ya mkasa huo wametaja kupooza usingizini kama sehemu ya maelezo, na ukisoma walivyosimulia waathiriwa, uzito ule, kukosa sauti kule, ni sisi kabisa. Isitoshe ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza visiwani tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe, na hofu ya mchana ilikuwa ikiingia vitandani.

Kinachonivutia kama msomaji ni masharti ya hadithi yenyewe. Inasemekana Popobawa alimwamuru aliyemshambulia aende akawaambie wengine, la sivyo atarudi. Yaani hadithi ilikuja na amri ya kusema. Wazia mwanamume wa makamo, katika jamii ambayo jambo kama hilo lingezikwa ndani yake hadi kufa, anatoka asubuhi na kulisema mbele ya jirani zake kwa sababu akinyamaza litarudi. Kisha watu wakaanza kulala nje, barazani na uwanjani, pamoja, moto umewashwa, wakizungumza hadi usingizi uwachukue. Hadithi iliwatoa watu vyumbani ikawaweka bega kwa bega.

Lakini hadithi hiyohiyo iliua. Mtu mmoja, mgonjwa wa akili, aliuawa na umati mjini Zanzibar kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Siwezi kuipenda ile sehemu ya kulala pamoja nikaiacha hii, maana zote mbili zilitoka kwa watu walewale walio macho usiku uleule. Nadhani tofauti iko hapa: kilichosema "waambie wenzako" kilitosha. Mtu alipouliza "ni nani basi?", hadithi ikawa imepata miguu na mikono, na mikono hiyo ikaokota mawe.

Kwetu tunayo hadithi inayolijua jambo hili, na nashangaa hakuna anayeisoma hivyo. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la magadi, Simbi Nyaima, watalii huenda kutazama heroe. Kila mtoto wa Homa Bay ameambiwa lilivyotokea. Kijiji kilikuwa na sherehe usiku, bibi mzee akaja akiomba hifadhi, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, akaambiwa aondoke kabla ya mvua. Wengine wote wakazama na kijiji chao. Shuleni tulifundishwa kwamba ni hadithi ya ukarimu, tukajibu hivyo kwenye mtihani, tukapata alama. Isome tena ukiwa umetoka Marani. Bibi mzee, peke yake, usiku, asiyejulikana ametoka wapi. Kila alama ambayo simulizi za simu zingeitumia kumtia hatiani anayo. Ana nguvu za kutisha kweli, hadithi haikatai. Bado kosa ni la waliomfukuza. Sina hakika waliotunga walikuwa wanafikiria wachawi, na si lazima wawe walifikiria. Hadithi inafanya kazi hiyo tu.

Nyanya yangu hakuwa mtu wa kuhakiki chochote, lakini nilipomwambia yaliyonipata Rongo hakuuliza nani. Aliuliza, "Ulilala vipi, nyakwara? Chali?" Nikasema ndiyo. Akaniambia nitandike upande wake. Kisha akaeleza, akichambua omena bila kuniangalia, kwamba yeye alikulia siwindhe, ile nyumba ya bibi ambamo wasichana na watoto wadogo walilala wamejipanga sakafuni baada ya sigana za jioni. Mmoja akianza kuguna usingizini, aliye karibu alimsukuma. Ndiyo hivyo tu. Asubuhi hapakuwa na kesi kwa sababu usiku palikuwa na kiwiko.

Wataalamu wanakubaliana naye kwa sehemu: wengi wetu tukiguswa au kuitwa, ganzi inakatika. Wala si hilo tu. Baland Jalal na Devon Hinton waliwalinganisha Wadenmark na Wamisri katika utafiti uliotoka 2013. Wamisri walipatwa mara nyingi zaidi, walikaa wamepooza muda mrefu zaidi, na walihofia kufa zaidi. Watafiti hao wanaona hofu ya kile unachoamini kimekukalia kuwa sehemu ya sababu. Hadithi inaingia mwilini. Unaogopa kulala, unalala vibaya, linakuja, unaogopa zaidi. Kwa hivyo mtu akiniambia hizi ni burudani tu, eti tusiwe serious sana, mimi nahesabu usiku.

Nimejifunza mambo machache kwa miaka kumi hivi, na hayana drama. Nalala ubavu, na mto nyuma ya mgongo ili nisigeuke. Nalala saa ile ile hata wikendi, jambo ambalo limenipotezea marafiki wawili. Simu naiacha mezani. Likinishika, sipigani nalo. Wengi watakwambia usukume kwa nguvu zote. Kwangu kusukuma kunaongeza uzito, kwa sababu unazidi kuhisi kwamba hakuna kinachosonga. Jalal mwenyewe anashauri kujikumbusha kuwa ni hali ya mwili na itapita, kulegeza misuli na kuiweka akili kwenye kitu kimoja chema. Mimi huliweka kwenye dole gumba la mguu wa kushoto. Silisukumi, nalingojea tu. Kuna ninaowajua wanaoomba, na wanasema hutulia wakitaja jina la Mungu. Sioni sababu ya kubishana na kitu kinachomtuliza mtu gizani. Ila mtu akianza kusinzia ghafla mchana, katikati ya mazungumzo, au magoti yakimlegea anapocheka, huyo aende kwa daktari, maana kuna ugonjwa mwingine wa usingizi unaoanza hivyo.

Bado ninataka kitu ambacho sijakisoma. Nataka hadithi fupi ya Kiswahili, au mchezo wa redio wa dakika ishirini, unaoanza pale simulizi za simu zinapokata. Mtu amekaliwa. Ameona. Anaamka, ni saa kumi, na sehemu nzima iliyobaki ni jikoni asubuhi: watu watano, chai, maswali yakielekea kwa mjane mwenye tochi. Kuna mvutano mwingi jikoni humo kuliko kitandani, na hakuna mwandishi aliyeuvuna. Ningependa pia mjane mwenyewe azungumze. Alikuwa akitafuta nini uani saa hizo? Mimi nilimuuliza baadaye, nikiwa mkubwa. Alisema miguu ilikuwa inamwasha akilala, na akitembea inapoa.

Kaka yangu mdogo wa kwa mama mdogo ameanza kupatwa. Yuko mwaka wa kwanza chuoni na tunaishi naye chumba kimoja hapa mjini Homa Bay mpaka apate hosteli. Mara ya kwanza ilipomshika nilimsikia kabla hajajua kuwa nimemsikia: pumzi fupi fupi, na sauti ndogo kooni kama ya mtu anayejaribu kuita akiwa chini ya maji. Nilinyoosha mkono nikamsukuma begani. Aliketi, akawasha taa, akaangalia mlango kwa muda mrefu.

"Umelala chali," nikamwambia.

"Kwani huniulizi niliona nini?"

Nikamwambia anieleze kama anataka. Akanieleza, yote, mpaka saa kumi na moja. Wiki hiyo alisogeza godoro lake likagusana na langu, na siku hizi analala kichwa kikielekea dirishani.